Kaburi la Ndolera na Mtoto Aliyeuza Mayai

Somo la kusoma nyumbani: Yohana 12:20-26 na Ruthu 1



Iko habari moja ya kwetu ambayo Wakristo wa Marekani na Ulaya wanaijua kuliko sisi wenyewe. Wahubiri wao wameihubiri miaka mingi. Imeandikwa vitabuni, na siku hizi inapita kutoka simu hadi simu. Ndani yake limo jina la Ndolera. Vijana wetu wakiisoma huuliza kama ni Ndolera hii ya kwetu Luvungi, au ni nyingine. Ni hii hii.

Leo nataka kuisimulia tena, lakini nisimame upande wa kijiji. Huko ng'ambo wanapoisimulia, macho yao yako kwa wageni waliokuja na kuondoka. Wenyeji waliobaki hapa wanapita ndani ya habari kama vivuli, hata majina hawana. Na bila hao waliobaki kusingekuwa na habari ya kusimulia.

Tuanze mbali kidogo, maana moto uliofika katika bonde la Ruzizi haukuwashwa Uswidi. Mwaka 1906, katika mji wa Los Angeles, Marekani, watu walikusanyika kuomba katika nyumba moja mbovu ya barabara ya Azusa. Kiongozi wao alikuwa William Seymour, mtu mweusi, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa. Roho Mtakatifu akashuka, watu wakanena kwa lugha, weusi na weupe wakapiga magoti pamoja katika nchi ambayo sheria zake ziliwatenga. Mwaka ule ule Thomas Ball Barratt, mchungaji wa Kimethodisti kutoka Norwe, alikuwa New York akitafuta fedha za kazi yake. Fedha hazikupatikana kama alivyotumaini. Lakini alisikia habari za Azusa, akaandikiana barua na watu wa kule, naye akajazwa Roho Mtakatifu, akarudi kwao na moto ule. Mwaka 1907 mchungaji kijana wa Kibaptisti kutoka Uswidi, Lewi Pethrus, alikwenda Norwe kumsikiliza. Miaka michache baadaye alikuwa mchungaji wa kanisa la Filadelfia katika Stockholm, na mwaka 1913 kanisa lake likafukuzwa katika umoja wa Wabaptisti. Kutoka kwa watu hao waliofukuzwa, Uswidi ikaanza kutuma wamisionari wa Kipentekoste.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Wako wanaosema kwamba Upentekoste ni dini ya wazungu iliyoletwa kwetu. Ndugu zangu, wazungu hao walikuwa wameipokea kupitia maombi ya mwana wa watumwa wa Kiafrika. Ilizunguka bahari ikarudi.

Mwaka 1921 Waswidi na Wanorwe wa kwanza wa Kipentekoste walifika upande huu wa Kongo. Ni mwaka ambao ndugu zetu wa CEPAC wanauhesabu kuwa mwanzo wa kanisa lao. Miongoni mwa waliotoka Uswidi mwaka huo walikuwa David Flood na mke wake Svea, pamoja na mtoto wao mdogo wa kiume. Mama Svea alikuwa mfupi sana, hakufika hata mita moja na nusu, na kabla ya kuja huku alikuwa mwimbaji. Pamoja nao walikuwa Bwana Erickson na mkewe. Watu wazima hao wanne waliomba, wakaona Bwana anawataka watoke kwenye kituo kikuu cha misioni, waende mahali ambapo Injili haijafika. Wakafika Ndolera.

Chefu wa kijiji akawakatalia. Hakutaka waingie, asije akaiudhi miungu ya wazee wake. Basi wakapanda mteremko, mwendo mfupi kutoka kijijini, wakajenga vibanda vyao vya udongo huko.

Hapa wahubiri wa ng'ambo humfanya chefu yule kuwa mtu mbaya wa hadithi. Wengine wameongeza mpaka habari za sumu, mimi siziongezi. Tumfikirie vizuri mzee huyo. Ilikuwa miaka mitano tu tangu mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipovuka Ruzizi kwenda kuwapiga Wajerumani na kuichukua Usumbura, mji tunaouita Bujumbura leo. Vita hivyo vya wazungu wao kwa wao vilipigwa kwa migongo yetu. Nani alibeba masanduku ya risasi? Nani alitoa chakula cha askari? Na tena aliyeongoza kikosi kile cha kusini alikuwa Olsen, mtu wa Denmark, nchi ambayo ni jirani kabisa ya Uswidi. Mzee wa Ndolera angewezaje kutofautisha kati ya mzungu wa bunduki na mzungu wa Biblia? Wote walitoka kulekule, wote walikuja na mizigo, na kila alipofika mmoja wengine walimfuata. Mtu aliye na watu wa kuwalinda angefanya kama yeye. Mimi pia huenda ningefanya hivyo.

Tena mtazame alichofanya baadaye. Aliwakataza wasiingie kijijini, lakini aliruhusu mtoto mmoja wa kiume apande kule juu mara mbili kwa wiki, awauzie kuku na mayai. Hakuwaacha wafe njaa. Chefu aliyewafungia mlango ndiye aliyewafungulia dirisha, na kupitia dirisha hilo Mungu alifanya yote yaliyofuata.

Miezi ikapita. Malaria ikawapiga mmoja baada ya mwingine. Ninyi mnaoishi katika bonde hili mnajua homa ya kwetu, na mnajua kwamba leo hii, pamoja na vituo vya afya na vyandarua, bado inatuchukulia watoto. Fikirieni mwaka 1922 kwa watu waliozaliwa kwenye theluji. Bwana Erickson na mkewe wakaona wameteseka vya kutosha, wakarudi kwenye kituo kikuu. David na Svea wakabaki peke yao na mtoto wao.

Hakuna ibada. Hakuna mkutano wa Injili wala ubatizo. Kijiji kiko chini pale, moshi wa majiko yao unaonekana, na hakuna anayekuja isipokuwa mtoto mmoja na kikapu chake.

Mama Svea akasema moyoni, kama huyu ndiye mtu pekee nitakayeruhusiwa kuongea naye, basi nitamleta huyu kwa Yesu. Naye akafanya hivyo. Mtoto aliketi naye, akasikia habari za Yesu Kristo, akaamini. Hatuna hotuba aliyoitoa. Alikuwa mgeni wa muda mfupi katika nchi, lugha yake lazima ilikuwa bado changa. Kazi yote ya misioni ya Ndolera ilikuwa mazungumzo ya mwanamke mgonjwa na mtoto aliyekuja kuuza mayai.

Kisha Mama Svea akapata mimba, na malaria haikumwacha. Saa ya kuzaa ilipofika, moyo wa chefu ulilegea kidogo zaidi: akamruhusu mkunga wa kijiji apande kwenda kumsaidia. Mtoto wa kike akazaliwa, wakamwita Aina. Ilikuwa mwaka 1923. Lakini mama alikuwa amekwisha nguvu. Siku kumi na saba baadaye akafa. Alikuwa na miaka 27.

David Flood akachimba kaburi kwa mkono wake, akamzika mke wake kwenye mteremko ule, akashuka mlimani na watoto wawili. Mtoto mchanga alibebwa katika kipoyi na mtu wa hapa. Kitu kikavunjika ndani ya David siku hiyo. Alipofika kwenye kituo akamkabidhi Aina kwa Erickson na mkewe, akasema anarudi Uswidi, mke wangu sina tena, mtoto huyu siwezi kumlea, Mungu ameharibu maisha yangu. Akaondoka na mwanawe. Akaacha kazi, akaacha wito, akamwacha na Mungu.

Nimewasikia watumishi wakimhukumu David Flood kwa haraka sana. Wanasema alirudi nyuma, alishika jembe akatazama nyuma. Ni kweli alirudi nyuma. Lakini someni Ruthu sura ya kwanza. Naomi alikwenda nchi ya kigeni na mume na wana wawili, akawazika wote huko, akarudi Bethlehemu akiwaambia wanawake wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa sababu Mwenyezi amemtendea mambo machungu. Biblia haikufuta maneno hayo. Haikumkemea hata kidogo. Iliyaandika kama yalivyotoka kinywani mwake, kisha ikaendelea kusimulia mpaka Obedi akawekwa kwenye mapaja yake. Tofauti moja kubwa kati ya Naomi na David ni kwamba Naomi alirudi pamoja na Ruthu, na wanawake wa mji mzima walitoka kumlaki. David alikuwa na nani? Alikuwa mwanaume peke yake na shoka lake, jembe lake na maiti ya mke wake.

Hapa natoka kando kidogo ya habari. Katika makanisa yetu, mama akifiwa na mtoto, au familia ikikimbia vita na kupoteza vyote, mara anatokea mtumishi anayewaambia kwamba imani yao ilikuwa haba, au kwamba kuna dhambi nyumbani. Mambo hayo nimeyasikia kwenye matanga, mbele ya jeneza. Wenye imani haba ni akina nani katika habari hii? Mama Svea alikuwa na imani ya kuacha nchi yake na kupanda mlima wa Ndolera. Alikufa kwa homa na uzazi, kama wanavyokufa wanawake wasioamini. Anayewaambia wafiwa maneno ya namna ile, amwambie kwanza yeye.

Turudi kwa mtoto. Kabla ya miezi minane kupita, Bwana Erickson na mkewe nao walipatwa na ugonjwa, wakafa wakifuatana kwa siku chache. Aina akapewa wamisionari Wamarekani, wakamwita Aggie, wakaondoka naye kwenda Marekani akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Akakulia South Dakota. Akasoma katika shule ya Biblia ya Minneapolis, akaolewa na mtumishi wa Mungu aitwaye Hurst, ambaye baadaye aliongoza chuo cha Kikristo karibu na mji wa Seattle. Alijua kwamba alizaliwa Kongo na kwamba mama yake amezikwa huko. Zaidi ya hapo alijua machache.

Siku moja gazeti la kidini la Kiswidi likafika nyumbani kwake. Hakujua limetoka kwa nani, wala hakujua Kiswidi. Alilifungua, akaona picha ya kaburi lililokuwa na msalaba mweupe, na juu ya msalaba jina: SVEA FLOOD. Akakimbia nalo kwa mwalimu wa chuo aliyejua lugha ile.

Mwalimu akamsomea. Habari ilisema wamisionari walifika Ndolera zamani, mtoto mweupe akazaliwa, mama akafa, mtoto mmoja wa kijiji alikuwa ameletwa kwa Yesu. Ilisema pia kwamba baada ya wazungu wote kuondoka, mtoto yule alikua, akamwendea chefu, akaomba ruhusa ya kujenga shule kijijini. Chefu akakubali. Wanafunzi wakaokoka mmoja mmoja, wakawaleta wazazi wao, na mwishowe chefu mwenyewe akampokea Yesu. Waamini wa kijiji hicho wakafika 600.

Wahubiri hupita hapa kwa mbio, kwa sababu wanataka kufika Uswidi, kwenye machozi ya Aggie na baba yake. Mimi naomba tukae hapa kidogo.

Mtoto yule alipoamini, hakuwa na mchungaji. Aliyemfundisha alikufa. Mume wa aliyemfundisha aliondoka akiwa na hasira na Mungu, na bila shaka mtoto aliiona hasira hiyo, kwa maana alikuwa mtu wa kuingia na kutoka pale. Kijiji chake kizima kilikuwa cha mizimu. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema kwamba Yesu wa Waswidi hana nguvu, alikuwa yeye. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi Yesu huyo hakumponya mwanamke aliyemtumikia. Lakini hakuiacha imani.

Alipokua hakupanda mteremko kwenda kujenga kanisa kwenye vibanda vya wazungu. Alikwenda kwa chefu. Aliomba ruhusa, kama mtoto wa kijiji anavyoomba kwa mkubwa wake. Chefu alimjua huyu. Ni yeye aliyemtuma na kuku miaka ile. Mlango ambao David Flood aliupiga ukakataa, mtoto wa mlangoni aliufungua kutoka ndani. Na hakuanza na mkutano wa kelele, alianza na shule, kitu ambacho kila mzazi angeweza kukitazama na kukipima kabla ya kukikubali. Watoto wakajua kusoma. Waliojua kusoma wakasoma Injili. Hivyo ndivyo Neno lilivyoingia nyumba kwa nyumba, likipitia mikono midogo.

Yesu alisema neno la chembe ya ngano katika Yohana 12, na mara nyingi tunasahau nini kilitangulia. Wayunani walikuwa wamekuja. Wageni, watu wa lugha nyingine, walimwendea Filipo wakasema wanataka kumwona Yesu. Filipo akamwambia Andrea, wote wawili wakamwambia Bwana. Na jibu lake kwa habari ya wageni waliotaka kumwona lilikuwa kwamba chembe isipoanguka katika udongo na kufa hubaki peke yake. Basi neno hilo tangu mwanzo lilihusu Injili kuvuka kutoka taifa hadi taifa. Sisi wakulima wa mpunga tunalielewa bila mwalimu. Mbegu ikiisha kuzikwa, mwenye kuizika anaenda nyumbani kwake, na kazi inabaki kwa udongo. Ndolera ilikuwa udongo. Tunawasifu waliotoa mbegu, na ni vema. Lakini mkulima gani anasifu mbegu peke yake na kuusahau udongo? Mbegu nzuri ikianguka juu ya simenti haioti.

Sasa twende Uswidi. Mwaka wa 25 wa ndoa yao, chuo kiliwapa Aggie na mume wake safari ya kwenda huko. Alimtafuta baba yake. David Flood alikuwa ameoa tena na kupata watoto wengine, na pombe ilikuwa imemla maisha. Nyumbani kwake palikuwa na amri moja: jina la Mungu lisitajwe. Alikuwa na miaka 73, mgonjwa kitandani, katika chumba kichafu chenye chupa. Aggie aliingia, akamwita baba. Mzee akalia, akasema hakukusudia kumtoa. Aggie akamwambia ni sawa, Mungu alinitunza. Aliposikia jina la Mungu mzee akakakamaa, akageuza uso ukutani, akasema Mungu ametusahau sisi sote.

Ndipo binti akamsimulia habari za mtoto wa mayai. Baba, hukwenda Afrika bure. Mama hakufa bure. Mtoto yule mmoja alikua, na kijiji kile kizima sasa kinamtumikia Yesu.

Jioni hiyo mzee alirudi kwa Mungu wake. Baada ya majuma machache akafa.

Kwa karibu miaka 50 mtu huyo aliishi akiamini kwamba kazi yake ilikuwa sifuri. Wakati huo wote watu wa Ndolera walikuwa wanaimba. Hakuna aliyemwandikia? Hakuna barua iliyotoka huku kwenda kule ikisema, baba, yule mtoto bado yupo? Miaka yote hiyo mahubiri, fedha na dawa vilitoka Uswidi kuja Kivu, na kitu kimoja ambacho Kivu ilikuwa nacho na Uswidi ilikihitaji, habari ya mtoto mmoja, kilichelewa mpaka mzee akawa kitandani. Tumezoea kuombea wamisionari wakati wanapokuwa nasi. Wakisharudi kwao, hasa wale waliorudi kwa aibu, tunawaacha.

Miaka michache baadaye Aggie na mume wake walikuwa London, kwenye mkutano wa uinjilisti. Mtumishi mmoja kutoka nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, alisimama akatoa ripoti ya kanisa la Kipentekoste, kanisa lenye waamini waliobatizwa 110,000. Aggie akamwendea akamwuliza kama amewahi kusikia habari za David na Svea Flood. Yule mtumishi akamjibu kwa Kifaransa kwamba Svea Flood ndiye aliyemleta kwa Yesu Kristo. Yeye ndiye mtoto aliyewapelekea chakula kabla Aggie hajazaliwa. Akamwambia lazima aje, maana mama yake ni mtu anayejulikana sana katika historia yetu.

Akaja. Watu wa kijiji wakampokea, na mtu aliyembeba mlimani katika kipoyi alipokuwa mtoto mchanga alikutana naye tena. Wakampeleka kwenye kaburi lenye msalaba mweupe, akapiga magoti.

Naijua hesabu ya siku hizi. Mwinjilisti anafanya mkutano siku tatu, anahesabu mikono iliyoinuliwa, Jumatatu ripoti imetumwa na picha. David Flood angetuma ripoti gani mwaka 1923? Waliookoka: mmoja, tena mtoto. Waliokufa: mmoja. Kanisa: hakuna. Shirika lolote la leo lingefunga kituo hicho, na lingekuwa na haki kwa karatasi zake. Kuna wachungaji wadogo katika milima yetu ambao wako katika hali hii hii leo, ibada ya watu sita, na viongozi wanawauliza kila mwezi kwa nini sadaka ni ndogo. Ninaandika kwa ajili yao hasa.

Hata hivyo nisifanye kosa la kufikiri kwamba yote yalitoka Ndolera. Watu 110,000 hawakutoka kwa mtoto mmoja. Kulikuwa na wainjilisti wa kwetu waliotembea kwa miguu, mama waliolea watoto wa shule ya Jumapili, wachungaji waliobaki na kondoo mwaka 1964, Uvira ilipotekwa na waasi mwezi wa tano na wamisionari wengi wakalazimika kukimbia. Ndolera ni dirisha moja la nyumba kubwa.

Na kuna dirisha lingine, juu kidogo tu ya Luvungi. Lemera. Waswidi walijenga hospitali huko, na wengi wenu mnaosoma karatasi hii mlizaliwa pale. Mwaka 1983 daktari kijana, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alikwenda kufanya kazi Lemera. Alitaka kuwa daktari wa watoto. Lakini aliona wanawake wakiletwa kutoka vijiji vya mbali wakiwa wamechoka, wakiwa wamechelewa, wakifa kwa kuzaa, akabadili nia, akaenda Ufaransa kusomea matibabu ya wanawake. Ni Denis Mukwege. Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Miaka mitatu baadaye, 1999, Mukwege na CEPAC walianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi hospitali zile zilijengwa kwa sababu ya Mama Svea. Nasema tu kwamba mwanamke aliyekufa kwa uzazi kwenye mteremko wa Ndolera alikuwa mmoja wa wengi, na kwamba watu wa nchi yake na watu wa nchi yetu, baada ya kaburi lile, hawakukaa na kulia tu.

Linabaki jambo moja ambalo linanisumbua. Mkunga. Mwanamke wa Ndolera aliyepanda mlima usiku au mchana ule, akaosha mikono yake, akampokea Aina duniani. Alikuwa wa kwanza wa watu wazima wa kijiji kuingia katika kibanda kile. Alimshika mzungu mgonjwa ambaye wengine walimwogopa. Habari inayozunguka dunia inamtaja kwa neno moja na kuendelea. Vivyo hivyo yule mwanaume wa kipoyi. Vivyo hivyo chefu aliyekataa na kulisha.

Wazee wa Ndolera, Lubarika, Katogota na Bwegera, vita vimetuhamisha mara nyingi, na wazee wanaojua wanapungua kila mwaka. Kama katika ukoo wenu kulikuwa na bibi aliyekuwa mkunga siku za Waswidi wa kwanza, au babu aliyebeba kipoyi, au mmesikia wazazi wakimtaja chefu wa siku zile kwa jina, njooni redioni siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita, mwulizeni mchungaji wa zamu. Msiogope kama mnakumbuka jina moja tu. Tutaliandika, na Jumapili inayofuata tutalisoma hewani.